Hesabu ya Kiu

Mita sita chini ya mchanga wa korongo
mashine ikakohoa, ikakataa.
Tulidhani mwamba. Tukavuta bomba,
likapanda na matawi ya mgunga, meusi kama mkaa,
miiba yake ingali mikali,
na pembe ya ndama,
na kipande cha jiwe la kusagia.
Msimamizi akasema, "Takataka. Hamisheni mashine."
Mimi nikazima injini.

Bibi aliniambia, nami sikumwamini,
kwamba hapa, kando ya Bahi,
watu walipigana vita kwa kuficha maji.

Wao walikuwa na bunduki iliyokohoa mara mia
kabla hujameza mate,
askari wa kukodi wenye viatu, daftari, tarumbeta,
bendera yenye ndege mweusi,
na mfalme ng'ambo asiyejua ladha ya mlenda.
Sisi? Mikuki thelathini na minane.
Bibi aliitaja idadi kama anayehesabu kuku:
thelathini na minane, miwili ya kuazima.
Na gobori moja la Masima,
ambalo lililipukia upande wa Masima mwenyewe.

Wakakaa ndani ya tembe, moshi ukiwachoma macho.
Ndahani akasema tuwavizie kichakani.
Chiponda akasema tupeleke ng'ombe, tuombe radhi.
Mbeleje, ambaye hakuitwa kwenye shauri,
aliyeingia kuchukua kibuyu chake tu,
akauliza: "Wanakunywa nini, hao?"

Watu mia mbili, na punda.
Kutoka kisima cha nyuma hadi hapa, siku mbili za jua.
Hata ile bunduki, walisema waliowahi kuikimbia,
hunyweshwa kama ng'ombe;
isipokunywa, huungua.

Usiku huo walizika visima saba.
Hawakuvitia sumu: maji hayana kosa.
Walivizika, miiba, mawe, mchanga, tena miiba,
wakapitisha mifugo juu hadi alama zikafutika.
Mawe ya kusagia nayo yalivunjwa, yakatumbukizwa.
Pasipo maji, nani atasonga ugali?
Kisha mlimani, na vibuyu vya kuhesabu:
mtoto funda moja asubuhi,
mkubwa nusu.

Siku ya tatu msafara ukafika.
Ndahani, juu ya jabali, aliwaona wakichimba
kwa sahani, kwa kofia, kwa kucha.
Tarumbeta ilijaribu, ikatoa upepo mtupu.
Siku ya nne waligeuka,
wakaacha masanduku njiani,
na wapagazi wawili waliolala wasiamke,
ambao hawakuwa adui wa mtu.

Ungependa niishie hapo.
Mbele ya wageni Bibi naye aliishia hapo.
Jikoni, akichambua mboga, aliendelea:
kwamba ndama wote walikufa mlimani;
kwamba Mbeleje alikuwa na mtoto mchanga,
na maziwa yakakauka;
kwamba masika yaliyofuata wale watu walirudi na mapipa,
wakachoma tembe moja baada ya moja,
wakamnyonga Chiponda, yule wa kuomba radhi,
kwa kuwa alihitajika mtu wa kunyongwa.
Bendera ile ikakaa. Ikaja nyingine.
Ilipita miaka sitini na kitu
kabla yetu haijapanda.

"Basi walishindwa," nilimwambia,
darasa la tano, na jeuri ya daftari.
Alinitazama kama mtu anayetazama mtungi wenye ufa.
"Siku nne," akasema.
"Siku nne nchi hii haikuwa ya mtu mwingine.
Wewe umewahi kuwa nazo ngapi?"

Tulichimbua kwa mikono hadi jioni, msimamizi akinuna.
Maji yalikuja polepole, yana magadi kidogo.
Ya kwanza niliyamwaga chini,
kwa mtoto ambaye Bibi hakuwahi kumtaja jina.
Halafu fomu. Penye *sababu ya kuchelewa*
niliandika: kisima kilikuwa kimefungwa.
Penye *nani alikifunga*
nilikaa na kalamu muda mrefu,
kisha nikaandika: sisi.